Pikapu ya Ibtihal na Finjani ya Sinaw

Ufunguo anao mkononi, gari halipo. Hapo ndipo tulipomwacha Ibtihal wiki iliyopita: uani kwake Ibra, Jumatano mchana, ametoka soko la wanawake na ndoo zake tupu za vitumbua, kashushwa na shoga yake mlangoni, na pale pa pikapu yake nyeupe ya petroli pamekaa pikapu nyengine. Ya dizeli. Kuukuu. Kitini imetandikwa zulia la manyoya ya mbuzi.

Wapo walioniandikia wiki nzima kwamba gari limeibiwa. Halikuibiwa, jamani. Afadhali lingeibiwa, mtu akenda polisi akaeleza kilichomfika. Hili limechukuliwa kwa adabu.

"Khalaf!" Ibtihal aliita mpaka njiwa wakaruka ukutani. "Khalaf!"

Kaka yake akatoka nyumba ya pili, kofia imekaa sawasawa, dishidasha imepigwa pasi. Khalaf ni mtu wa ofisi ya serikali, na hata mwito wa hasira haumtoi nje mpaka ajitazame kiooni.

"Usipige kelele, bibie. Majirani watasikia."

"Wasikie! Gari langu li wapi?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Gari langu li wapi?"

"Limekwenda Sinaw."

"Limekwenda lenyewe?"

Dirishani mtu akacheka. Alikuwa mama yao, Bi Turkiya, mzaliwa wa Unguja mjini, aliyekuja Oman tangu mwari na Kiswahili chake akaja nacho chote.

"Mwache mwanangu aseme," alisema Bi Turkiya. "Namwona kashakunja uso, pana jambo."

Khalaf akakohoa. Akaeleza kwamba asubuhi, Ibtihal akiwa sokoni, alikuja mgeni mjilisini kwake, kwenye chumba cha kupokelea wageni, naye ni Muadh, bedui wa Sinaw, mfanyabiashara wa mbuzi na ngamia. Akakaribishwa. Akamiminiwa kahawa. Hakuinywa. Aliiweka finjani chini mbele yake, imejaa, akanyamaza.

Wasomaji wa huku mnajua maana yake. Mgeni akiiweka kahawa chini ana haja, na haonji mpaka akubaliwe.

"Nikamwambia kunywa kahawa yako, haja yako imekwisha," alisema Khalaf.

"Kabla hujamuuliza anataka nini?"

"Ndiyo desturi! Mtu hapimiwi haja yake. Akainywa, ndipo akasema anataka pikapu yako. Petroli ni nyepesi mchangani, anasema. Nikampa ufunguo wako wa akiba, naye kakuachia dizeli yake badala."

"Pikapu yangu, Khalaf! Mulkiya, kadi ya gari, ina jina langu! Ungemwambia si yako!"

"Nimwambie hivyo baada ya kumpa neno? Ende Sinaw akaseme nini? Aseme wale watu wa Zanzibar hawajui mambo ya Waarabu?"

Hapo Ibtihal akaziweka ndoo zake chini. Hilo ndilo donda la nyumba yao. Miaka yote wamekaa Ibra, wana vyeo, wana majumba, na bado akitokea mtu wa kuwacheka kwa lafudhi au kwa namna ya kushika finjani, Khalaf halali. Angeweza kuvaa bishti, joho la sufu, katikati ya joto ili mradi asiambiwe mgeni. Ibtihal naye lilikuwa likimuuma, na kwa kuwa lilikuwa likimuuma, hakuendelea kumgombeza.

"Na wala hujapata hasara," alisema Khalaf kwa sauti ya upole, ile inayomchemsha damu dada yake. "Si wewe uliyekuwa ukitaka dizeli?"

Ee Mola! Mwezi mzima Ibtihal alikuwa akilipima jambo hilo, nanyi mmelipima naye. Petroli anaijua. Kainunua mpya kwa jasho la vitumbua, inawaka kwa kuguswa tu, haijamtia aibu njiani. Lakini ukiibebesha masufuria ya biriani na mitungi ya gesi, ikaanza kupanda Jabal Akhdar, inalia, inapunguza, na malori yanampita. Dizeli ina nguvu ya mlima. Ila dizeli mpya hawezi, na kuukuu hajui ilikuwa mikononi mwa nani, na hapa Oman dizeli yenyewe kituoni si rahisi kuliko petroli, wasije watu wakamdanganya.

Na kila mtu alikuwa na neno lake. Fundi alisema dizeli. Shemeji alisema petroli. Muuza mboga, asiye na hata baiskeli, alisema ngoja ya umeme. Khalaf alisema mwanamke mwenye heshima zake hana haja na mojawapo. Hakuna aliyemuuliza yeye mwenyewe anaonaje, na alikuwa amewachoka, amewachoka mpaka akisikia neno "injini" anaondoka.

Basi akaamua kungoja. Ijumaa hii Bi Shatha wa Nizwa anamwoza binti yake, harusi iko juu mlimani, na chakula kapewa Ibtihal. Ndiyo nyumba ya kwanza ya Nizwa kumwamini. Biriani ikifika moto, milango ya upande ule imefunguka. Ikikwama mlimani, atarudi kwenye ndoo za vitumbua mpaka uzee umkute. Baada ya harusi angeamua, kwa akili yake, kwa macho yake.

Sasa ameamuliwa.

"Nipe ufunguo wa hiyo dizeli," alisema.

"Unakwenda wapi?"

"Kuijaribu. Au na hilo linataka kahawa?"

Akajaza masufuria makubwa maji mpaka juu, akayafunga vifuniko, akayapakia pamoja na mitungi, akamvuta Bi Turkiya kiti cha mbele, akatoka kuelekea kwenye vilima nje ya mji. Alitaka ishindwe. Nawaambieni ukweli, aliomba kimoyomoyo ishindwe palepale kwenye kilima cha kwanza, arudi amtupie Khalaf ufunguo miguuni.

Haikushindwa. Ilinguruma, ikatoa moshi kidogo, ikapanda. Ikapanda na cha pili. Maji kwenye masufuria hayakumwagika.

"Mashallah," alisema Bi Turkiya, kashika mtandio. "Hii ina kifua."

"Usiisifu, mama!"

"Sikuisifu mimi, nimesema ina kifua."

Ibtihal alikuwa akitabasamu na akilia hasira kwa wakati mmoja. Dizeli ndiyo, alikuwa karibu kuamua dizeli! Wangemwachia siku chache tu angeamua hivyohivyo, akaichagua mwenyewe, na leo angekuwa na furaha. Wamemwibia hata furaha ya kupata alichokitaka.

Akaingia kituo cha petroli, akazima gari, akanunua maji ya kunywa. Akarudi. Akazungusha ufunguo.

Kimya.

Akazungusha tena. Stata ikazunguka, injini haikuitika.

Mnajua kinachotokea mwanamke akikwama kituoni. Wanaume wakaja, sijui walikuwa wamejificha wapi. Mmoja akasema ni betri. Mwengine akasema betri ni nzima, ni dizeli chafu. Wa tatu akafungua boneti, akatazama ndani muda mrefu sana, akaifunga.

"Dada, ungechukua ya petroli," alisema yule wa boneti. "Wanawake petroli inawafaa."

Ibtihal alimtazama mpaka akajiondokea.

Wakakaa kivulini, yeye na mama yake, wakingoja hata wasichokijua. Jua likapinda. Boneti iliyokuwa haishikiki ikashikika. Ibtihal akajaribu tena, bila ya matumaini, na gari likawaka mara moja, kama kwamba halikuwahi kufanya kosa.

"Likiwa baridi linawaka," alisema polepole. "Likipata moto, ukilizima, ndiyo basi."

"Sasa ya mlimani itakuwaje?" aliuliza Bi Turkiya.

Hilo ndilo alilokuwa akiliwaza. Kituo cha polisi chini ya Jabal Akhdar kila gari husimamishwa. Gari likizimika pale lina moto, biriani ya Bi Shatha ndiyo imelala hapo hapo.

"Kesho Sinaw," alisema Ibtihal. "Muadh kamfanyia kaka'ngu ujanja wa finjani na kanifunga kwa gari bovu. Nami nitamfanyia wa kwangu. Nitakwenda kwao, watanikaribisha kahawa, sitainywa."

Bi Turkiya akamgeukia. Kisha akaanza kucheka, cheko la Unguja, la mabega.

"Mwanangu," alisema, "nitakwenda nawe. Nitachukua na kaimati, tusende mikono mitupu."

Alhamisi asubuhi wakashika njia ya Sinaw. Siku ya soko hiyo, barabara imejaa pikapu za mbuzi na ngamia waliochutama nyuma, shingo zao zikiyumba. Ibtihal hakuzima gari hata mara moja. Alipofika nyumbani kwa Muadh, ukingoni mwa mji ambapo mchanga unaanza, aliliacha uani likinguruma na ufunguo wake ndani, akashuka.

Macho yake yakazunguka ua wote. Palikuwa na mbuzi, palikuwa na lori la maji, palikuwa na ngamia jike na mwanawe. Pikapu yake nyeupe haikuwapo.

Aliyewapokea ni mama yake Muadh, Bi Tufool, mwanamke mrefu wa kibedui, barakoa usoni, sauti nzito. Maneno yalikuwa ya Kiarabu, mimi nawaletea kwa Kiswahili chetu. Wakaulizana hali, wakaulizana habari, wakaulizana mvua. Wakala tende, wakazionja kaimati, Bi Tufool akazisifu. Muadh akaingia, mtu wa makamo, mpole, akakaa karibu na mlango, akajiinamia.

Bi Tufool akashika mdila, birika la kahawa, akamimina.

Bi Turkiya akanywa. Ibtihal akaipokea finjani kwa mkono wa kulia, akaishika kidogo, akaiweka chini mbele yake.

 Nje dizeli ilikuwa ikiendelea kunguruma.

Bi Tufool akauweka mdila. Nyuma ya barakoa macho yake yakamtazama Ibtihal kwa heshima mpya.

"Kunywa kahawa yako, binti yangu," alisema. "Ulilolijia limekwisha."

Ibtihal akainywa, kavu, kwa mara moja. 

"Nataka gari langu," alisema.

Bi Tufool akamtazama mwanawe. Muadh akainua kichwa.

"Gari gani?" aliuliza.

"Gari gani! Pikapu yangu ya petroli! Uliyoichukua kwa kaka'ngu jana, ulipokwenda mjilisini kwake ukaiweka kahawa chini!"

"Mimi?" Muadh akaweka mkono kifuani. "Dada, mimi sijakanyaga Ibra tangu Idi. Kaka yako ndiye aliyekuja hapa juzi. Alikaa pale pale ulipokaa wewe, na yeye ndiye aliyeweka finjani chini."

Ibtihal akahisi joto limempanda mpaka masikioni.

"Aliomba nini?"

"Aliomba dizeli. Alisema dada yake hana gari." Muadh akameza mate. "Mama akampa neno, na neno likishatoka limetoka. Sikuchukua kitu kwake. Gari lako mimi hata silijui rangi."

"Na hukumwambia kwamba bovu?"

"Nilimwambia! Wallahi nilimwambia, mbele ya mama. Nikamwambia gari hili ukilizima lina moto haliwaki, usimpe mwanamke, litamtupa njiani. Akacheka." Muadh akatazama sakafu. "Akasema hilo ndilo hasa ninalolitaka."

Bi Turkiya akashika shavu.

Ibtihal hakulia. Alikuwa amefikwa na hasira iliyopita kilio. Kaka yake alikwenda mpaka Sinaw, akakaa kwa watu, akatumia desturi ile ile anayoionea haya kutoijua, akaijua vizuri mno, ili apate gari litakalomzuia dada yake asifike mbali. Na petroli yake kaificha. Na jana alimsikiliza. Jana alimwonea hata huruma!

"Basi ombi langu halipo," alisema, akainuka. "Samahani, mama. Nimekuja kudai kisichokuwako."

"Kaa," alisema Bi Tufool.

"Mama—"

"Kaa! Nimekwambia kunywa, nawe umekunywa. Hutoki kwangu na ombi lako liko wazi, wakasema watu Tufool kamnywesha mgeni kahawa ya bure. Omba jengine."

Ibtihal akafungua mdomo. Kabla hajasema, likatokea jambo lililowafanya wote wanne wageuke kwa pamoja.

Uani, mngurumo ulikatika.

Dizeli imezimwa.

Pazia la mlango likasogezwa, na aliyesimama pale, kofia sawasawa, dishidasha imepigwa pasi, ni Khalaf. Mkononi ameshika ufunguo wa dizeli. Aliwaona wakitoka Ibra, akawafuata nyuma mpaka Sinaw.

"Assalamu alaikum," alisema. Kisha kwa Kiswahili, kwa dada yake, taratibu: "Haya. Sasa Nizwa utakwendaje? Nilikwambia ukae nyumbani. Watu wananiuliza ofisini, Khalaf, dada yako anapandisha masufuria ya watu milimani, wewe huna uwezo wa kumlisha? Nimechoka kuulizwa, Ibtihal. Nimechoka."

"Na mimi je?" Sauti ya Ibtihal ilitoka ndogo, kisha ikakua. "Mimi sichoki? Nimeuliza mara ngapi petroli au dizeli, ukanijibu? Mwezi mzima unanitazama napiga hesabu za mlima na wewe moyoni umeshaamua nisende popote! Ungenambia usoni, Khalaf! Ungenambia usoni tukagombana kama watu!"

Khalaf akamtazama mama yao. Bi Turkiya akajisogeza karibu na binti yake.

Ibtihal akageuza uso kumkwepa kaka yake, na macho yake yakapita kwenye pazia lililobaki wazi. Uani, nyuma ya dizeli iliyokufa, palikuwa na pikapu nyeupe. Yake. Vumbi la njiani limeijaa, na ngamia mdogo kashaanza kuinusa taa.

Khalaf kaja nayo mwenyewe, kwa ule ufunguo wa akiba. Angekuja na nini?

Ibtihal akatia mkono mkobani. Ufunguo ulikuwamo, ule ule aliosimama nao uani jana kama mwendawazimu, ufunguo usio na gari. Akautoa polepole, akaushika kiganjani, Khalaf akiuona.

Uso wa Khalaf ukabadilika.

"Mama," Ibtihal alimwambia Bi Tufool kwa Kiarabu, "ulisema niombe jengine."

"Omba."

"Kaka'ngu kaja mbali na ana kiu. Naomba umkalishe hapa umnyweshe kahawa mpaka dizeli yake ipoe."

Bi Tufool akatazama kaka, akatazama dada. Akaushika mdila.

"Limekwisha," alisema. "Karibu, Khalaf. Kaa."

Na Khalaf, mtu wa desturi, angefanya nini? Bibi wa nyumba kamkaribisha, finjani imeshamiminwa, na yeye ndiye aliyekunywa mara ya mwanzo katika nyumba hii kwa uongo. Muadh akasogea akakaa mlangoni. Khalaf akakunja magoti, akakaa chini, akapokea.

Ibtihal akamshika mama yake mkono, wakatoka. Jua lilimpiga machoni na kwa mara ya kwanza tangu jana alivuta pumzi ikamshuka kifuani. Petroli italia mlimani, na ilie. Ataipunguzia mzigo, atapanda mara mbili, atapanda mara tatu, lakini itafika, na atakayeshika usukani ni yeye. Mambo ya dizeli atayaamua Jumamosi akiwa na miguu juu ya kochi.

Alikuwa kashafungua mlango wa gari aliposikia sauti ya kaka yake kutoka mjilisini, shwari, kama mtu anayeuliza habari ya mvua.

"Kabla hujaondoka, Ibtihal, mpigie simu Bi Shatha."

Akageuka.

Pazia bado wazi, Khalaf alionekana amekaa pale pale, mgongo wima. Finjani ya pili ilikuwa mbele yake, chini, imejaa, na hakuwa ameigusa.

"Mpigie," alisema. "Muulize jana usiku nani alikaa mjilisini kwa mumewe akaweka finjani chini, na nini alichokiomba."